Spika za Nyuma katika Gari Kuukuu

Kila chombo cha mkono wa binadamu kina maisha mawili. Maisha ya kwanza ni ya kubuniwa, kuundwa na kuuzwa. Maisha ya pili ni ya kutumiwa, kuharibika, kutengenezwa na kutumiwa tena. Waandishi wa historia ya ufundi aghalabu hushughulika na maisha ya kwanza, kwa kuwa yana tarehe, hataza na majina ya watu mashuhuri. Maisha ya pili hayana hataza wala mnara wa ukumbusho, na kwa hiyo hupita kimya kama maji chini ya mchanga. Lakini chombo hukaa kiwandani siku chache tu, na mikononi mwa watu huweza kukaa miaka 40. Historia inayokoma mlangoni pa kiwanda ni kama wasifu wa mtu unaokoma siku aliyokatwa kitovu.

Mfano mmoja mdogo unaweza kulithibitisha jambo hili. Fundi huenda penye magari yaliyokufa, akafungua parafujo, akatoa spika mbili katika milango ya gari ambalo halitatembea tena, akazipachika nyuma ya gari jingine, stesheni wagoni kuukuu ambalo bado lina pumzi. Kazi hiyo huweza kumalizika kwa nusu siku. Ikitazamwa kwa haraka huonekana kuwa ni anasa, na pengine ni upuuzi, kulipamba kwa muziki gari lenye kutu. Ikitazamwa kwa makini huuliza swali zito: katika chombo kinachobeba watu wengi, nani ana haki ya kusikia? Sauti ya gari ilizaliwa mbele, kando ya usukani, ikamhudumia mwenye gari. Ilichukua muda mrefu kufika nyuma. Na katika Afrika ya Mashariki haikufikishwa huko na kiwanda peke yake. Mara nyingi ilifikishwa na fundi, kwa spika iliyookolewa.

Jina la stesheni wagoni lina historia yake. Katika Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, magari yenye bodi za mbao yaliwapokea wasafiri na mizigo yao kwenye vituo vya reli, yakawapeleka hotelini na majumbani. Mwaka 1929 kampuni ya Ford ilianza kuuza gari la namna hiyo, lililojengwa juu ya Model A yake, kama moja ya magari yake ya kawaida. Na mwaka 1949 Plymouth ikatoa stesheni wagoni yenye bodi ya chuma kitupu. Basi tangu asili gari hili lilikusudiwa watu wengi na vitu vingi. Umbo lake lafuata kazi yake. Saluni ina vyumba viwili, cha watu na cha mizigo, navyo hutengwa na kiti cha nyuma na ubao ulio juu yake. Stesheni wagoni ina chumba kimoja kirefu, toka kioo cha mbele hadi mlango wa nyuma. Tofauti hii huonekana ndogo kwa mnunuzi; kwa mtu atakaye kutia spika ni kubwa sana, kama itakavyoonekana mbele.

Spika, au kipaza sauti kwa jina la vitabuni, ni chombo chepesi kueleza na kigumu kukamilisha. Koili ya waya mwembamba huwekwa katika nguvu ya sumaku. Umeme utokao katika redio ukipita ndani ya koili, koili husukumwa mbele na kuvutwa nyuma. Koili imegandamana na koni ya karatasi, na koni huisukuma hewa. Na hewa iliyosukumwa hivyo ndiyo sauti. Ernst Siemens wa Ujerumani alikuwa na hataza ya fikira hii mwaka 1874, na Oliver Lodge wa Uingereza akapata yake mwaka 1898. Mwaka 1915, huko California, Peter Jensen, mzaliwa wa Denmark, na mwenzake Edwin Pridham waliitia koili ya namna hiyo katika pembe kubwa, wakawasikilizisha maelfu ya watu kwa pamoja. Mwaka 1925 Chester Rice na Edward Kellogg, wahandisi wa kampuni ya General Electric, walieleza spika ya koni isiyohitaji pembe. Spika zilizomo magarini leo ni wajukuu wa spika yao.

Yafaa kukumbukwa kwamba spika ya Jensen na Pridham ilianza kazi yake kwa kuhutubia umati. Mwaka 1919 rais wa Marekani, Woodrow Wilson, alizungumza kwa msaada wa spika hizo mbele ya watu wapatao 50,000 katika uwanja wa San Diego. Kwa hiyo chombo hiki kilizaliwa kwa ajili ya wengi. Kilipoingia garini ndipo kilipofanywa mali ya wachache.

Mwaka 1930 Paul Galvin wa Chicago, ambaye kiwanda chake kidogo kilikuwa katika shida, alitia redio katika gari lake akasafiri hadi Atlantic City, mahali ulipokuwa ukifanyika mkutano wa watengenezaji wa redio. Hakuwa na nafasi ndani ya ukumbi. Aliliegesha gari nje, akaifungulia redio, wapita njia wakasikia. Redio hiyo ikaitwa Motorola, na jina la redio baadaye likawa jina la kampuni nzima. Katika Ulaya, Blaupunkt walitoa redio yao ya kwanza ya gari mwaka 1932. Redio za miaka hiyo zilikuwa za valvu, na valvu hudai umeme wa nguvu kuliko ule wa betri ya gari. Ikabidi pawe na kifaa cha kutetema, kilichokata na kuunganisha umeme mara nyingi katika kila sekunde ili upate kupandishwa nguvu. Kifaa hicho kilivuma kama nyuki. Redio ilikuwa nzito, ghali, na yenye njaa ya umeme. Haikuwa ajabu, basi, kwamba ilipewa spika moja tu, na kwamba spika hiyo ilielekezwa kwa aliyelipa. Waliokaa nyuma walipata mabaki ya sauti, jinsi wageni waliochelewa wapatavyo makoko ya wali.

Mwaka 1955 kampuni za Philco na Chrysler zilitoa redio ya gari isiyo na valvu hata moja, yenye transista tupu. Taratibu redio ikapungua uzito na bei, na kile kifaa cha kuvuma kikatoweka. Katika miaka ya 1950 na 1960 wanunuzi wa Marekani waliweza kuongeza fedha wakapata spika ya pili, ya kiti cha nyuma, pamoja na kitufe cha kugawanya sauti kati ya mbele na nyuma. Wengine waliongezewa kifaa cha mwangwi: sauti iendayo nyuma ilipitishwa kwanza katika springi ndefu, ikachelewa kidogo, na gari likasikika kama ukumbi mkubwa. Ilikuwa burudani njema kwenye barabara ya lami. Gari lilipoingia shimoni springi zilitikisika, na ukumbi ukageuka kuwa karakana ya mabati.

Mageuzi makubwa zaidi yaliletwa na stirio, ambayo hutaka sauti mbili, ya kulia na ya kushoto, na kwa hiyo spika mbili kwa uchache. Mwaka 1965 Ford walianza kutia katika magari yao mashine za kaseti kubwa za mikondo 8. Kaseti ndogo ya Philips, iliyoonyeshwa Berlin mwaka 1963, ilikuwa imekwisha kuingia magarini kufikia mwaka 1968. Dashibodi ya magari mengi ilikuwa na tundu la spika moja; ya pili haikuwa na pa kukaa. Mafundi na wenye magari wakaona nafasi iliyo tele ni ule ubao wa nyuma wa saluni, ulio mpana na tambarare, na chini yake mna buti. Hivyo ndivyo sauti ilivyokuja kukaa nyuma: si kwa sababu abiria wa nyuma walikumbukwa, bali kwa sababu mbele palijaa. Historia ya ufundi imejaa haki za namna hii, ambazo watu walizipata kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kuziweka.

Lakini stesheni wagoni halina ubao huo. Kwa hiyo gari lenye safu nyingi zaidi za viti, ambalo ndilo lililohitaji sana sauti ya nyuma, ndilo lililokuwa gumu kuitiwa. Ugumu huu haukuwa na maana kubwa katika nchi ambazo stesheni wagoni ilitumiwa na mzazi, watoto wake na mbwa. Ulikuwa na maana kubwa Afrika ya Mashariki, ambako gari hili lilirudishiwa kazi yake ya asili, yaani kuchukua wasafiri wasiojuana.

Gari lililoishika kazi hiyo zaidi ya mengine nchini Kenya lilikuwa Peugeot. Aina ya 404, iliyoanza kuuzwa mwaka 1960, ilishinda mashindano ya Safari katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Na 504, iliyotokea mwaka 1968, ikashinda mwaka 1975 na 1978. Ushindi wa barabara za vumbi na tope ulikuwa tangazo lisilohitaji mpiga debe. Stesheni wagoni ya 504 ilitolewa mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikiwa na springi nne za mviringo kwenye ekseli ya nyuma. Na ile iliyoitwa Familiale ilikuwa na safu tatu za viti, zote zikielekea mbele. Magari ya 504 yaliunganishwa Mombasa kwa miaka mingi. Katika miji mikubwa neno "Peugeot" likawa jina la usafiri wenyewe: msafiri wa Nairobi aendaye Nakuru au Kisumu alipanda Peugeot kama vile mwenziwe alivyopanda basi au treni. Mjini kazi kama hiyo ilifanywa na matatu, ambazo jina lao latokana na nauli ya zamani ya senti 30, yaani mapeni matatu, na ambazo mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu kubeba abiria bila leseni maalumu.

Katika gari la safu tatu, safari ya saa nne au tano ilikuwa safari mbili tofauti. Safu ya mbele ilisafiri pamoja na redio. Safu ya tatu ilisafiri pamoja na magurudumu, kwa kuwa ilikaa juu ya ekseli, na mvumo wa lami na mlio wa vyuma ulimeza kila neno lililotoka kwenye dashibodi. Msomaji wa leo, mwenye simu mfukoni, huenda asiuone uzito wa jambo hili. Katika miaka hiyo redio ilikuwa mdomo wa taifa. Sauti ya Kenya ilianza kuitwa hivyo mwaka 1964, na Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965. Tanzania bara haikuwa na televisheni yake hadi mwaka 1994. Redioni watu walipata taarifa ya habari, mpira, na matangazo ya vifo. Mtu aliyekaa safu ya tatu aliweza kupitwa na jina la marehemu wake likitajwa mita mbili mbele yake.

Mwaka 1982, Jumapili tarehe 1 Agosti, askari wa jeshi la anga la Kenya waliteka kituo cha Sauti ya Kenya, wakatangaza kuwa serikali imepinduliwa. Mtangazaji Leonard Mambo Mbotela alilazimishwa kulisoma tangazo hilo. Siku ile ile kituo kikakombolewa na askari watiifu, na redio ikatangaza kinyume cha yale iliyoyasema asubuhi. Kwa msafiri aliyekuwa njiani siku hiyo, kusikia au kutosikia lilikuwa jambo la usalama, si la starehe. Tena aliyesikia kipande kimoja tu cha asubuhi alikuwa katika hatari kuliko asiyesikia kitu. Chombo kinachowapa habari baadhi ya watu garini na kuwanyima wengine huwafanya abiria wa gari moja kuwa raia wa daraja mbili.

Haja, basi, ilikuwako. Kilichokosekana ni spika, na sababu za kukosekana si za Afrika ya Mashariki peke yake. Bei ya mafuta ilipanda ghafula mwishoni mwa mwaka 1973, fedha za kigeni zikapungua, na vipuri vikawa adimu. Nchini Tanzania uagizaji wa magari na vipuri ulibanwa kwa miaka mingi, hadi mwaka 1984 serikali iliporuhusu watu wenye fedha zao nje kuagiza bidhaa. Katika hali hiyo gari lililokufa halikuwa takataka, lilikuwa ghala. Liliweza kuchinjwa, kama mafundi wasemavyo, na kila kiungo kikapata mwili mwingine. Gerezani katika Dar es Salaam, na Barabara ya Kirinyaga katika Nairobi, ambayo zamani iliitwa Grogan, zilijulikana kwa mafundi na vipuri kuukuu. Wazee walinena kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mafundi hawa waliongeza kwamba hata koleo lililovunjika lina vipande viwili vyenye kazi.

Hapana budi kukiri pia upande wa giza wa soko hilo. Spika ni chepesi kutolewa na ni chepesi kufichwa, na si kila spika kuukuu ilitoka katika gari lililokufa kifo cha halali. Mtu anayesifu uokoaji wa vipuri bila kulitaja hili huandika nusu ya historia. Hata hivyo wizi haukuanzisha ufundi wa kutumia tena. Uliufuata, kama mbweha afuatavyo kundi.

Ndani ya spika yenyewe mna historia nyingine inayowagusa wasemaji wa Kiswahili. Kwa muda mrefu sumaku bora za spika zilitengenezwa kwa alniko, mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti pamoja na chuma. Na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia ilitoka Shaba, jimbo la Zaire lililoitwa Katanga kabla na baada, ambako Kiswahili ni lugha ya migodini na sokoni. Mwezi Mei 1978 waasi walivamia mji wa Kolwezi. Hofu ikaingia katika masoko, bei ya kobalti ikapanda mara kadhaa, na watengenezaji wengi wa spika wakaiacha alniko, wakashika sumaku za feriti, ambazo ni nzito na nene lakini hazina kobalti. Kwa hiyo umbo la sumaku nyuma ya spika kuukuu laweza kumpa mjuzi fununu ya umri wake. Kipande kidogo kilichofunikwa kwa kikombe cha chuma kwa kawaida ni alniko. Pete nyeusi pana ni feriti. Spika ya alniko iliyookolewa katika gari la zamani na kutiwa katika gari jingine la Nairobi huenda ilikuwa na madini yaliyochimbwa na watu waliozungumza lugha ya abiria wake. Ilizunguka Ulaya au Marekani, kisha ikarudi jirani na nyumbani kwa njia ya mtumba.

Kuchagua spika katika lundo ni elimu, ijapokuwa haina cheti. Fundi huibonyeza koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili, akaisikiliza: ikikwaruza, koili imepinda au imeungua, na spika hiyo imekwisha. Hutazama ukingo wa koni. Ukingo wa karatasi au kitambaa hudumu. Ukingo wa sponji, uliopendwa na viwanda vingi tangu miaka ya 1970, huoza kwa joto na unyevu, ukamomonyoka kama mkate mkavu, hata kama koili na sumaku ni nzima. Huko pwani maradhi haya huja mapema. Lakini ukingo huweza kubandikwa upya, na mtu asiyelijua hilo huitupa spika njema kwa sababu ya upindo wake, naye atakuwa ametupa mbacha kwa msala upitao. Kisha fundi hupima ukinzani: spika nyingi za magari ni za omu 4, na nyingi za redio za nyumbani ni za omu 8. Akizichanganya ovyo, moja itanguruma na nyingine itanong'ona.

Kuna jaribio moja ambalo ladhihirisha uzuri wa elimu hii. Spika mbili haziwi jozi kwa kufanana sura. Huwa jozi kwa kwenda pamoja. Nyaya za moja zikigeuzwa, koni yake hurudi nyuma wakati mwenziwe aendapo mbele, na sauti nzito hutoweka kati yao, kila moja ikila jasho la mwenziwe. Spika iliyookolewa mara nyingi imekwisha kupoteza alama ya chanya na hasi. Fundi huchukua betri ndogo ya volti 1.5, akagusisha nyaya kwa nukta moja, akatazama: koni ikiruka nje, waya ulioshika chanya ya betri ndio chanya ya spika. Hakuna kipimo cha bei rahisi kuliko hicho, na hakuna kilicho sahihi zaidi kwa kazi hiyo.

Hapo ndipo umbo la stesheni wagoni linaporudi kudai deni lake. Koni ikisukuma hewa mbele, kwa wakati huo huo huivuta nyuma. Na hewa ya mbele ikiruhusiwa kukutana na ile ya nyuma, sauti nzito hujifuta. Katika saluni ubao na buti huzitenga hewa hizo mbili bila mtu kuomba. Katika stesheni wagoni hakuna kizuizi. Mtu akizifunga spika kwenye waya wa paa, au akiziacha wazi juu ya sakafu ya mizigo, atapata sauti nyembamba kama ya mbu ndani ya kopo. Njia zilizopatikana ni tatu: kukata tundu katika mlango wa nyuma wa abiria, kulikata katika ukuta wa ubavuni ulio juu ya gurudumu, au kutengeneza sanduku la mbao lililofungwa pande zote. Kila njia ina gharama yake. Mlango hutaka waya upitao penye bawaba, nao hukatika kwa kufunguliwa na kufungwa. Ukuta wa ubavuni hupitisha maji na vumbi. Sanduku hula nafasi ya mizigo, na katika gari la kazi nafasi ya mizigo ni nauli.

Mtego wa mwisho umefichwa katika umeme, nao unaonyesha jinsi zama zinavyogombana ndani ya gari moja. Katika redio nyingi za zamani kila spika ilitumia waya mmoja tu. Njia ya kurudia ilikuwa bodi ya gari yenyewe. Redio nyingi zilizotengenezwa tangu miaka ya 1980 hutaka kila spika iwe na nyaya mbili zisizogusa bodi hata kidogo. Zikigusa, redio huungua. Basi gari la mwaka 1972, lililotiwa redio ya mwaka 1990 na spika za mwaka 1980, ni baraza la vizazi vitatu, na fundi ndiye mkalimani wao. Asipojua kaida za kila kizazi, baraza huvunjika kwa moshi.

Mara sauti ilipofika nyuma, ilikuwa vigumu kuirudisha mbele. Kaseti ilimpa mwenye gari uwezo ambao redio ya serikali haikumpa: kuchagua. Mwaka 1990, baada ya vibanda vya Muoroto mjini Nairobi kubomolewa, kaseti za nyimbo zilizosimulia mambo ya aina hiyo zilienea, zikapigwa katika matatu, na polisi wakawakamata wauzaji wake. Serikali haikuogopa kaseti iliyomo mfukoni mwa mtu mmoja. Iliogopa kaseti iliyosikiwa kwa pamoja na watu kumi na wanne waliokaa magoti kwa magoti, wakatazamana, na kila mmoja akajua kwamba mwenziwe amesikia. Umati wa San Diego ulikuwa umerudi, ukiwa mdogo na ukitembea.

Haki ya kusikia, hata hivyo, ina pacha wake, nayo ni haki ya kutosikia. Spika za nyuma ziliongezeka ukubwa na idadi, na katika matatu za mijini zikawa biashara ya kuvutia vijana. Mzee, mgonjwa, na mama mwenye mtoto mchanga waliokaa nyuma, ambao zamani walinyimwa sauti, sasa walinyimwa utulivu. Mwaka 2009 Kenya ilitunga kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo ya kupita kiasi. Spika ikishafika nyuma huuliza swali jipya: mkono wa nani uko kwenye kitufe? Kwa maana kitufe kilibaki mbele. Abiria wa nyuma walipata masikio bila kupata kauli.

Leo wako watu wanaozifufua stesheni wagoni za zamani kwa mapenzi na gharama kubwa, wakitaka zirudi jinsi zilivyotoka kiwandani. Wanapofika kwenye ubavu wa nyuma na kukuta tundu la mviringo lililokatwa kwa patasi, na waya wa rangi isiyolingana na nyaya nyingine, huliita kovu, wakaliziba na kulipaka rangi. Nia yao ni njema, na gari hupendeza. Lakini kiwanda hakikuliendesha gari lile kwenda Kisumu, wala hakikukaa katika safu yake ya tatu. Tundu lile, lisilonyooka sana ukingoni, ni hati iliyoandikwa na mtu asiyeandika vitabu, kwa ajili ya watu ambao hawakutajwa katika tangazo la gari: inasema kwamba hapa palikuwa na abiria, na kwamba nao walitaka kusikia. Anayeliziba hana budi kwanza kulipima, kulipiga picha na kuandika lilikuwa wapi. Kwani likishazibwa, gari litabakiwa na maisha ya kwanza tu, na yale ya pili, ambayo ndiyo marefu, hayatakuwa na shahidi.